Mahali pa Kudai

Kwa zaidi ya miaka ishirini, kampuni ya Edelman ya Marekani imekuwa ikiwauliza maelfu ya watu duniani swali lile lile: kati ya serikali, kampuni za biashara, mashirika yasiyo ya kiserikali na vyombo vya habari, nani unamwamini kwamba atatenda lililo sawa? Matokeo ya mwaka 2021 yalizungumzwa sana, maana kati ya taasisi hizo nne ni biashara peke yake iliyoonekana kuwa na uwezo na uadilifu kwa pamoja. Tangu hapo wakurugenzi wengi wamekuwa wakisema hadharani kwamba pale serikali inaposhindwa, kampuni zibebe jamii. Kongo haimo miongoni mwa nchi zinazohojiwa, na hiyo ni hasara, kwa kuwa wazo hilo linalosikika kama jipya katika kumbi za mikutano ya Ulaya limekwisha kujaribiwa Bukavu. Mji huu ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, mahali mto Ruzizi unapoanzia, umekaa miaka thelathini na zaidi ukiishi na serikali isiyolipa mishahara vizuri, huku kanisa, kampuni ya simu, kiwanda cha bia na mgodi vikifanya kazi ambazo kwingine ni za wizara. Ninachodai katika sura hii ni kwamba mji huu hauthibitishi wazo la wakurugenzi hao. Unaonyesha kwamba mtu huiamini taasisi kwa kadiri anavyoweza kuidai, iwe ya serikali, ya mfanyabiashara au ya dini, na kwamba kampuni isiyo na mahali pa kudaiwa hupoteza imani ya watu sawasawa na ofisi ya serikali isiyo na mahali hapo.

Kwanza tuangalie imani kwa serikali ilipotea vipi, kwa sababu wako wanaosema watu wa Kivu hawajawahi kuiamini, wala hawataiamini. Si kweli. Katika miaka ya 1970 na 1980 vyama vya akiba na mikopo, vile ambavyo hadi leo watu huviita COOPEC, vilistawi sana Kivu. Wakulima na walimu walipeleka fedha zao kwenye madirisha ya vyama hivyo wakiandikiwa katika vitabu vidogo, na fedha ile ilikuwa zaire, yaani karatasi yenye thamani kwa ahadi ya serikali peke yake. Ahadi hiyo ilivunjwa hadharani. Mwishoni mwa 1992 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni 5, na Oktoba 1993 ikaleta zaire mpya, moja kwa kila zaire milioni 3 za zamani. Aliyekuwa ameweka akiba ya kusomesha watoto alibaki na kitabu chenye tarakimu sahihi kabisa ambazo hazikununua kitu. Miaka hiyo hiyo mishahara ya walimu ikakauka, migomo ikafunga shule, na kanisa Katoliki likakubaliana na wazazi kwamba wazazi wenyewe wawalipe walimu kwa muda, ili mwaka wa shule usipotee. Muda ule ulidumu hadi Septemba 2019, serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo. Mtu aliyelipa prime, yaani mchango huo wa mwalimu, kila mwezi tangu mtoto wake wa kwanza hadi mjukuu hakurithi shaka yake kwa mababu. Aliipata kwa kuhesabu.

Hata leo, sababu ya shaka ni ya kila mwezi. Nyumba nyingi za Bukavu hupata umeme wa SNEL, shirika la umeme la serikali, bila mita. Hulipishwa kwa makadirio, kile ambacho mjini kinaitwa forfee, yaani kiasi kile kile uwe umepata umeme siku zote au umekaa gizani wiki nzima kwa sababu ya delestaje, yaani mgao wa umeme. Uchungu wa jambo hili unazidi kwa kuwa mitambo ya Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa mwaka 1958, iko hapo hapo mlangoni mwa mji. Mwananchi anaweza kukubali umeme mchache akielezwa kwamba mitambo imezeeka na watu wameongezeka kupita kiasi. Asichoweza kukubali ni bili ambayo hana namna yoyote ya kuihakiki. Akienda ofisini kulalamika, karani naye hana cha kumwonyesha, maana hakuna kilichopimwa. Watu wawili wanyofu kabisa wanaweza kugombana kwenye kaunta ile mpaka jioni na kila mmoja akaondoka akiamini mwenzake ni mwizi.

Sasa tutazame upande ambako imani ipo, tena tele. Likelemba, au likirimba kama wengi wanavyosema Bukavu, haihitaji sheria wala jengo. Mama wa soko la Kadutu huchanga na wenzake kiasi kilekile kila siku au kila wiki, na kila zamu mmoja anachukua fungu lote. Chama hiki kimepita vita vya 1996, vya 1998, kutekwa kwa mji na makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi mwaka 2004, na kutekwa tena Februari 2025. Kwa kawaida maelezo huishia hapa: ni undugu, ni kujuana, Mwafrika humwamini wa kwao tu. Kama hayo yangekuwa maelezo ya kutosha, tungetegemea kwamba mtu yule yule angekataa kabisa kumpa mgeni fedha yake. Lakini mtu huyo huyo anavuka barabara pale Essence au Nyawera, anamkabidhi dola kijana wa M-Pesa au Airtel Money asiyemjua jina, ili zimfikie ndugu aliye Goma au Uvira. Tazama kinachofanyika kwenye kibanda kile. Kijana anaandika namba na kiasi kwenye daftari. Mteja anakitazama kidole cha kijana kikibonyeza. Haondoki, hata mvua ikinyesha, mpaka ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe, na mara nyingi anampigia ndugu wa Goma kumuuliza kama na yeye ameupata. Sarafu moja, watu wawili wasiojuana, ushahidi mara tatu. Likelemba nayo hufanya vivyo hivyo kwa macho: kila mmoja anajua zamu ni ya nani, nani amelipa na nani bado, na anajua nyumba ya kwenda kubisha hodi. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa jambo hili mama wa Kadutu na kampuni kubwa ya simu wamekubaliana.

Kwa hiyo imani kwa kampuni za simu ilikuwa ya haki, iliyopatikana kwa kazi. Ndiyo maana kisa cha RAM kina funzo kubwa. Mwaka 2020 mamlaka ya posta na mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilianzisha tozo ya kusajili simu, iliyoitwa RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu za kizazi cha pili, dola 7 kwa zile za kizazi cha tatu na kuendelea. Haikudaiwa na mtoza kodi anayegonga mlango. Kampuni za simu ziliikata moja kwa moja kwenye unite za mteja, yaani salio lake la simu, kidogo kidogo. Mtu alinunua unite asubuhi, akakuta zimepungua kabla hajapiga simu. Wananchi walipiga kelele nchi nzima, vijana wa vuguvugu la LUCHA waliandamana, bunge likambana waziri, na mwanzoni mwa 2022 tozo ikafutwa. Wengi walilisoma jambo hilo kama ushindi dhidi ya ulafi wa serikali, na kweli ulikuwa ushindi. Mimi naona pia jeraha jingine. Ujumbe wa simu ulikuwa ndio risiti pekee ambayo maskini wa Bukavu aliiamini bila kusita, na sasa chombo kile kile kilitumika kumtoa fedha asizokubali, bila dirisha la kuuliza. Mteja aliyempigia wakala aliambiwa ni ya serikali, na aliyeuliza serikali aliambiwa ni huduma. Kampuni inapogeuzwa mkono wa serikali bila kubeba wajibu wa serikali wa kujieleza, imani yake inatumiwa kulipia deni la mwingine.

Hapa ndipo hoja ya wale wakurugenzi inapostahili kupewa nafasi yake kamili, kwa maana haina upuuzi. Watasema: achana na kodi, tazama kazi. Na kazi ipo. Pharmakina, kiwanda cha Bukavu kinachotengeneza kwinini kutokana na magome ya mikwinini ya Kivu, kilinunuliwa na mameneja wake mwaka 1999, katikati ya vita, wakati mwenye mtaji mwingine yeyote angefunga mlango. Kilipoona wafanyakazi wake wanakufa kwa UKIMWI, kiliamua kuwatibu, na kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Wajerumani, kikatengeneza hapo hapo Bukavu dawa ya kupunguza makali ya virusi, Afri-vir, wakati dawa hizo zilikuwa adimu katika sehemu kubwa ya nchi. Hilo ni jambo la heshima, na anayeandika habari za kampuni Kivu bila kulitaja hatendi haki. Ila uzuri wake haubadilishi umbo lake. Dawa ya mfanyakazi inatokana na ajira yake, na ajira inatokana na kiwanda kuendelea kuwepo.

Mfano wa kampuni isiyoendelea kuwepo mkoa unao, nao ni mkubwa. SOMINKI iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za migodi za Kivu. Katika maeneo yake, Kamituga kwa mfano, kampuni ndiyo iliyokuwa baba na mama: zahanati zake, shule zake, barabara zake, madaraja yake. Mtu wa Kamituga hakuhitaji kumjua gavana. Bei ya bati iliporomoka katikati ya miaka ya 1980, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1997 ikavunjwa. Pamoja nayo zikaondoka zile huduma, maana hazikuwa zimewekwa katika mikono ya mtu mwingine yeyote, na wafanyakazi wa zamani wakabaki miaka na miaka wakidai malipo yao ya mwisho, wakielekezwa kutoka kwa mrithi mmoja hadi mwingine. Huku ndiko kubebwa na kampuni kulikowafikisha. Serikali mbaya inaweza kuendelea kudaiwa na vizazi vitatu, kwa sababu haiwezi kujivunja na kuhama. Kampuni inaweza.

Banro, kampuni ya Kanada, ilianza uzalishaji wa kibiashara wa dhahabu pale Twangiza, katika uchifu wa Luhwindja, mwaka 2012. Familia zilizokuwa juu ya dhahabu zilihamishiwa Cinjira, mlimani, na miaka iliyofuata zililalamika kuhusu maji na mashamba. Mwishoni mwa 2017 Banro ilielemewa na madeni, ikaiomba mahakama ya Ontario iilinde dhidi ya wadai wake. Fikiria kikao kile. Kila aliyeikopesha kampuni alikuwa na jina katika jalada, wakili, na tarehe ya kusikilizwa. Mkulima wa Cinjira naye alikuwa ametoa mtaji, tena mtaji ambao haurudishwi, shamba, na hakuwa na namba katika jalada lile. Sisemi mahakama ilifanya vibaya. Ilifanya kazi iliyoundwa kuifanya. Nasema tu kwamba kampuni ile ile ilikuwa na mahali pa kudaiwa kwa aliyeikopesha na haikuwa na mahali kama hapo kwa mwenye ardhi, na kisha watu wakashangaa kwa nini Luhwindja hawaiamini.

Kisa kinachofunga hoja hii vizuri zaidi kiko Bukavu mjini kwenyewe, na ni cha kiwanda cha bia. Bralima ilikuwa kampuni tanzu ya Heineken ya Uholanzi, na kwa miongo mingi kiwanda chake kilikuwa miongoni mwa waajiri na walipa kodi wakubwa wa Kivu Kusini. Kati ya 1999 na 2003, mji ukiwa chini ya waasi wa RCD-Goma, Bralima iliachisha kazi watu wengi. Wafanyakazi 168 wa zamani walidai kwamba hawakutendewa haki na kwamba kampuni iliutumia utawala wa waasi kupata kibali cha kuwaondoa. Swali la kisheria lilikuwa gumu: katika mji ambao wakaguzi wa kazi na mamlaka ya kutoa kibali vimeshikwa na waasi, mfanyakazi ampelekee nani shauri? Desemba 2015 walilipeleka kwenye ofisi ya Uholanzi inayosimamia miongozo ya OECD kwa kampuni za kimataifa. Ofisi hiyo si mahakama, haina polisi wala faini. Ina meza. Pande mbili zikaketi, na Agosti 2017 zikapatana. Kiasi kilicholipwa hakikutangazwa rasmi, lakini jambo moja lilitangazwa: Heineken ilikubali kuweka sera ya namna ya kufanya biashara katika nchi zenye machafuko na vita. Watu waliofukuzwa kazi Bagira, sehemu ya mji penye kiwanda hicho, walilazimika kudai haki Ulaya, zaidi ya miaka kumi baadaye, na wengine wakiwa wamekwisha kufa. Hata hivyo walidai, na wakasikilizwa.

Najua jibu la msomaji mwenye subira kidogo: haya yote ni ya wakati wa amani. Mji ukiwa umetekwa, nani anazungumzia sera? Jibu hili lina uzito, hasa sasa. Waasi wa M23 na washirika wao waliingia Bukavu katikati ya Februari 2025. Mabenki yalifunga. Mishahara iliyolipwa kupitia benki ikawa tarakimu tu, mawakala wa simu wakakosa noti, na gharama ya kutoa fedha ikapanda. Daftari la kidijitali lilibaki sahihi, lakini usahihi peke yake haununui unga wa muhogo. Hii inaonyesha jambo ambalo wapenzi wa kampuni husahau: fedha ya simu, kwa urahisi wake wote, inaegemea benki kuu na barabara ya kupitisha noti, yaani inaegemea serikali. Hakuna biashara ya Bukavu iliyoweza kuwa kisiwa. Lakini kusema kwamba vita hufuta wajibu ni kusema mengine kabisa. Wale 168 walikuwa wakidai kuhusu vitendo vya wakati wa vita. Wakati wa amani kampuni inaweza kutenda vyema kwa sababu tu sheria inaitazama. Wakati wa vita ndipo tunapojua ilikuwa imejifunga kwa kitu gani.

Wengine wanapinga kwa njia tofauti: sheria zipo, shida ni kuzitekeleza, kwa hiyo mazungumzo ya kudai hayaongezi kitu. Kweli sheria zipo, na baadhi ni nzuri. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani na mgodi, fedha hizo zisimamiwe na chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii hizo. Mrabaha nao umegawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa eneo la utawala lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile asilimia 0.3 ni ya mauzo, tazama vizuri, si ya faida. Tofauti hii ndogo ina maana kubwa kwa mtu wa kijijini, maana faida inaweza kuyeyuka ndani ya hesabu za kampuni mama, lakini kilo zilizouzwa huonekana kwenye hati za usafirishaji. Aliyeandika kifungu kile alijua shida iko wapi. Kinachobaki ni kwamba mwakilishi wa jamii anayeketi katika chombo hicho aweze kusoma hati hizo kwa lugha anayoitumia, apate nakala, na achaguliwe na watu wanaoweza kumwondoa. Usimamizi wa namna hii hauhitaji serikali kamilifu. Mama wa likelemba wanaufanya kila Jumamosi.

Turudi kwenye kiwanda cha bia. Juni 12, 2025 Heineken ilipoteza udhibiti wa shughuli zake Bukavu. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kuporwa Februari, na sasa kikawa mikononi mwa watu wenye silaha. Kampuni ilitangaza kwamba masharti ya kufanya kazi kwa usalama na uwajibikaji hayapo tena, ikawaondoa wafanyakazi wake wote katika maeneo hayo, na ikasema inaendelea kuwasaidia kifedha. Ilikuwa Bukavu ile ile, iliyo chini ya waasi kama miaka ishirini na kitu iliyopita, lakini safari hii kampuni iliamua kuondoka. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba uamuzi huo ulitoka moja kwa moja katika mapatano ya 2017, na sitadai hivyo. Kinachoweza kuthibitishwa ni kidogo zaidi na kina nguvu zaidi: mfanyakazi wa Bralima wa 2025, ikiwa msaada huo utakoma au atasahauliwa siku kiwanda kitakapofunguliwa tena, ana ahadi ya kampuni yenyewe iliyotolewa hadharani, ana ofisi ambayo imekwisha kupokea shauri kama lake, na ana majirani Bagira wanaojua njia ya kufika huko. Wale wa 1999 hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.